Sauti Isiyo na Mwenyewe

Orval Tesdal hakuwa mtu wa kuamini sauti. Mtu akimjia ana kwa ana alimtazama mikono kwanza, kisha viatu, ndipo akamsikiliza. Sauti tupu, isiyo na mikono wala viatu, aliiweka kando mpaka ijieleze. Na tangu mahindi yalipoanza kukauka mashambani, kulikuwa na sauti moja redioni iliyomharibia ladha ya kahawa yake kila asubuhi.

Redio ilikaa juu ya jokofu, pale pale mkewe Verna alipoiweka enzi zile alipokuwa bado anaijua nyumba yake. Saa tatu kamili Curt Bruggeman alifungua kipindi cha "Sema Lako", na kaunti nzima ya Nordby ikaanza kupiga simu. Hakuna aliyetaja jina la ukoo. Arlene akisema "Ni mimi, Arlene," ilitosha: watu walijua ni Arlene yupi, anakaa nyumba gani, na kwa nini hasemezani na kaka yake. Sauti ndiyo iliyokuwa kitambulisho. Sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Lowell Stensrud, dalali wa minada, aliyeweza kuuza jembe bovu likagombewa na watu watatu. Watoto walicheza mnada uani wakimwigiza yeye. Lakini Lowell aliugua akachukuliwa na binti yake kwenda Arizona, na tangu hapo redio ilipungua chumvi.

Zamani kipindi kile kilitangaza bei ya nguruwe, waliofariki, mbwa waliopotea na nani ana majani makavu ya kuuza. Kisha kituo cha redio kikanunuliwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga tope la Nordby. Mchana kutwa redio ikawa inatema kelele za watu wa mbali, wenye hasira, wanaozungumzia Washington kana kwamba Washington ni jiko la jirani. Wenyeji waliachiwa saa moja tu, nayo waliitumia kurudia waliyoyasikia katika zile saa nyingine: mpaka, mashine za kupigia kura, kodi, rais huyu mwizi, rais yule mwizi zaidi. Orval alikumbuka wakati watu wa vyama viwili walishirikiana mashine moja ya kupura ngano. Walitukanana mchana, jioni wakala meza moja, kwa kuwa ngano haikuwa na chama. Sasa ndugu wa tumbo moja walikuwa hawali bata mzinga pamoja siku ya Shukrani, kwa ajili ya wanasiasa ambao hawatajua hata majina yao.

Vuli ile, walau, palikuwa na jambo la nyumbani la kugombania. Nyumba ya wazee ya kaunti, ambayo watu waliiita Kilimani, ilikuwa imewashinda wakuu wa kaunti. Kampuni moja ya Chicago ilitaka kuinunua, na wananchi wangepiga kura mwanzoni mwa Novemba. Ndiyo, iuzwe. Hapana, ibaki.

Verna alikuwa Kilimani. Akili yake ilikuwa imemtoka taratibu, kama maji kwenye ndoo yenye ufa, na sasa hakusema neno. Orval alikwenda kila siku saa sita mchana, akaketi naye kwenye meza ya dirishani, akamlisha. Macho ya Orval mwenyewe yalikuwa yamefifia; aliweza kuendesha pikapu mchana tu, kwenye barabara za kokoto alizozijua tangu utoto. Alikuwa amesikia yaliyotokea kaunti jirani. Kampuni ilinunua, kisha wale wanaolipiwa na serikali wakaambiwa hakuna nafasi, wakapelekwa miji ya mbali. Verna alilipiwa na serikali. Wakimpeleka mbali, Orval asingemwona tena, na hilo lilikuwa jambo zima, halikuwa na la pili.

Ndiyo maana ile sauti ilimchoma.

"Tunaye Jim, wa karibu na mto," Curt angesema. "Jim, karibu hewani."

"Asante... Curt." Sauti ilikuwa nyembamba na ya taratibu, kila neno limetengwa na mwenzake. "Watu wazuri. Mnaipenda Kilimani... kwa sababu... hamkai humo. Kengele inapigwa. Hakuna... anayekuja. Mtu anakaa na mkojo wake... mpaka jua lipande. Kaunti... inajikagua yenyewe. Uzeni. Mgeni... mtamkagua."

Kisha, kabla simu haijakatika, ulisikika mlio mmoja mkavu. Ko.

"Mwongo," Orval aliiambia redio. "Mimi niko pale kila siku ya Mungu. Mke wangu ni msafi kama yai."

*

Katika chumba cha kahawa cha maghala ya ushirika, ambako wazee walikutana kabla ya mchana, Jim alijadiliwa kuliko rais. Orval aliketi kiti chake karibu na joto, na Duane Vossler, rafiki yake tangu darasa la kwanza, akaketi mkabala.

"Ni wakili," Duane alisema. "Ndugu yangu alipoachana na mkewe, wakili wake aliongea vivyo hivyo. Neno moja, anapumzika. Neno moja, anapumzika. Na kila pumziko unalilipia."

"Anasoma," Orval alisema. "Sikiliza vizuri. Haongei yule, anasoma karatasi. Na Curt akitania, hacheki. Mtu gani wa hapa asiyecheka hata kwa adabu?"

"Labda yeye ndiye mwenye akili. Vichekesho vya Curt vina umri wa babu yake."

"Na ule mlio mwishoni?"

"Mlio gani?"

"Ko. Kila akimaliza. Hujausikia? Ile ni ishara, bwana. Yuko mtu pembeni anayemrekodi, anamwambia, basi, tumemaliza, kata. Wako ofisini huko Chicago, wana orodha ya vijiji, leo wanakipigia hiki, kesho wanakipigia kile."

Wazee wakatazamana. Hilo halikuwa limemjia yeyote, na kwa kuwa lilikuwa la kutisha, liliaminika upesi.

"Hata jina," Orval aliendelea. "Jim! Mwongo mwenye akili huanzia makaburini, anasoma mawe. Angejiita Knute, angejiita Torvald."

"Mtege basi," Duane alisema. "Si wewe ndiye msomi wetu? Umesoma maktaba yote mpaka wakaona haina kazi tena, wakaifunga."

Walicheka, na Orval akacheka nao, ingawa maktaba ile ilimuuma bado. Yote aliyoyajua zaidi ya ng'ombe na mahindi aliyapata mle, jioni za majira ya baridi. Sasa lile jengo walikuwa wanauza ndani yake mishumaa yenye harufu.

Mtego wenyewe ulimjia akiwa njiani. Kona ya Larsen. Hakuna Larsen aliyeishi pale tangu Orval akiwa mtoto. Nyumba ilioza, miti ikakatwa, leo ni mahindi matupu pande zote nne. Ramani haiijui kona hiyo, wala zile sauti za kwenye simu zinazoelekeza watu njia haziijui. Lakini kila aliyezaliwa Nordby hukuelekeza kwa kukuambia, pinda Kona ya Larsen.

Asubuhi iliyofuata alipiga simu wakati Jim akiwa hewani. Curt, ambaye ugomvi kwake ulikuwa mkate na siagi, akaziunganisha simu zote mbili.

"Jim wa mtoni, mimi ni Orval. Sina ugomvi nawe. Nina kaswali kadogo tu ka mtoto wa shule. Nikitoka kanisani kwetu kwenda Kona ya Larsen, nyumba ninayoipita ni ya nani?"

Kimya. Ilisikika pumzi ya mtu, nzito, ya kuhangaika.

"Tunakusubiri, Jim," Curt alisema.

"Gu..." sauti ikasema. "Gu... gu..."

"Gu gu gu," Orval akasema. "Curt, huyu si mtu. Mmemfungia njiwa kwenye simu."

Curt alicheka mpaka akakohoa. Simu ya mto ikakatika, safari hii bila ko. Saa yote iliyobaki, kila aliyepiga alianza kwa kulia kama njiwa. Arlene alilia kama njiwa. Mchungaji mwenyewe, aliyepiga kutangaza chakula cha jioni cha kanisa, alilia kidogo kama njiwa akaomba radhi. Orval alipotoka na pikapu siku hiyo, kila dereva aliyepishana naye aliinua kidole kimoja juu ya usukani, salamu ya huko kwao, lakini waliinua juu zaidi kuliko kawaida, na wengine walitabasamu. Chumba cha kahawa kilimkaribisha kwa kipande cha pai ya tufaha ambacho hakukilipia.

Jim hakupiga simu tena. Kila mtu alisema sasa Hapana itashinda.

*

Mbao za HAPANA zilichapwa mjini, na Orval alijitolea kusimika kadhaa kando ya lango la Kilimani. Alikwenda asubuhi, kipindi kilipokwisha tu, wakati ardhi ilikuwa bado na ukungu wa baridi. Alizipigilia ubao mmoja mmoja. Alipomaliza aliona haya kukaa ndani ya pikapu kusubiri saa sita kama mtu anayesubiri benki ifunguliwe. Mke ni wake. Akaingia.

Ukumbini hapakuwa na mtu. Harufu ilimpokea kabla ya mtu yeyote, harufu ambayo saa sita mchana huwa imekwisha kufunikwa na dawa ya sakafu na supu. Kwenye korido, juu ya mlango mmoja, taa nyekundu ya kengele ilikuwa inawaka, na hakuna aliyekuwa anaikimbilia. Mlango ule ulikuwa mkabala na wa Verna. Ulikuwa mlango usio na jina, na siku zote alizopita pale aliukuta umefungwa. Leo ulikuwa wazi kidogo.

Taa ya Verna haikuwaka. Verna alikuwa amesahau zamani kengele ni kitu gani.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu na gauni la kulalia. Nywele hazijachanwa. Uji ulikuwa umemkaukia kidevuni. Orval alipomshika goti ili amsalimu, mkono wake ulirudi umelowa, na ule umajimaji ulikuwa baridi, maana yake haukuwa wa sasa hivi.

Alisimama pale bila kujua aite nani. Renae, mhudumu aliyemzoea, alipita mbio na rundo la mashuka, akamwona, akasimama kama mwizi.

"Mzee Orval! Hii si saa yako."

"Saa yangu?"

"Wewe ni wa saa sita. Huwa tunamtayarisha kabla hujaja." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayeeleza mambo ya zamu. "Leo niko peke yangu upande mzima. Mwenzangu hajaja tangu juzi, na wakuu wanasema hela ya kuajiri mwingine hakuna."

Kitu ndani ya Orval kilikataa kushuka. Kilishika ukingo kwa kucha.

"Nani amekuambia uniambie hivyo?" alisema. "Watu wa Chicago? Wamekupa nini?"

 Renae akaweka mashuka kitandani.

"Shika miguu yake, mzee," alisema. "Polepole. Nipe hilo taulo."

Walimsafisha Verna pamoja. Orval hakuwa ameuona mwili wa mkewe kwa muda mrefu, na chini ya mgongo palikuwa na kidonda chekundu ambacho hakuna aliyekuwa amemtajia. Renae alikipaka dawa, akamvalisha, akachukua mashuka yake, akakimbia. Orval alianza kumchana Verna nywele. Alichana vibaya. Na katika kuchana, aliisikia ile sauti.

"Nyumba... ya... Gun-der-son."

Kisha: ko.

"Kutoka kanisani... unapita... nyumba ya Gunderson. Ya... ya njano. Halafu... Kona ya Larsen."

Ko.

Orval aliweka kitana chini. Alivuka korido, akausukuma ule mlango wazi.

Mtu mkubwa aliyekonda alikuwa ameketi mezani karibu na dirisha. Nusu ya uso wake ilikuwa imelegea kama kitambaa kilichochomoka kwenye msumari. Mbele yake palikuwa na karatasi yenye maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, na mkono wake mzima ulikuwa bado umekunja ngumi juu ya meza. Kwenye ndoano ukutani ilining'inia kofia pana ya rangi ya mchanga, ambayo kaunti tatu ziliijua.

"Lowell," Orval alisema.

Lowell Stensrud hakuwahi kutumia nyundo ya mnada. Aliidharau, akisema nyundo ni ya mahakimu. Yeye aligonga ubao wa gari la majani kwa kifundo cha kidole, mara moja, na mali ikawa imekwenda. Orval alikuwa ameusikia mlio ule maisha yake yote. Aliusikia siku benki ilipouza ng'ombe wake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, uani kwake. Na alipousikia redioni aliuita ishara ya Chicago.

"Walisema uko Arizona."

"Nilikuwa. Joto... baya." Upande mzima wa mdomo ulijaribu kucheka. "Nilirudi... wakati wa kupanda. Nikawaambia... wasiandike jina. Sikutaka... watu waje... kusikia hii."

Aligusa koo lake.

Zamani jambo kama hilo lisingefichika hata mlo mmoja. Mtu akirudi na kiharusi, kabla jua halijazama jikoni kwake kungekuwa na masufuria saba ya viazi na nyama ya kuoka. Sasa mwanakaunti mkubwa kuliko wote alikuwa amekaa upande wa pili wa korido, msimu mzima wa mahindi, na Orval alipita mlangoni pake kila siku akiwaza juu ya wezi wa Washington.

"Unasoma kwa nini?" Orval aliuliza. Ilikuwa bado ni sauti ya mpelelezi; hakuwa na nyingine karibu.

"Nisiposoma... maneno yanakimbia. Majina... ndiyo mabaya zaidi." Alionyesha karatasi. "Gunderson nilimjua, Orval. Nilimuuzia... shamba. Hakutaka tu... kutoka."

Orval aliketi pembeni mwa kitanda. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka juu ya mlango.

"Kengele yako inawaka. Unataka nini? Nikuitie mtu?"

"Si yangu." Lowell alielekeza kidole ng'ambo ya korido. "Ya kwake. Yeye... hawezi. Nikimwona... napiga mimi."

Orval alitazama dirishani. Nje, mbao zake za HAPANA zilisimama zimenyooka kwenye majani.

"Unakumbuka," Lowell alisema, "yule ng'ombe... wa kahawia? Wa mwisho?"

Alikumbuka. Verna alikuwa amesimama mbele na pesa zake za mayai, akainua kidole kwa bei ya aibu. Nyuma yake mchuuzi mmoja wa mbali, mwenye koti zuri, aliinua mkono kwa bei kubwa zaidi. Kila mtu alimwona. Lowell akamgeuzia mgongo, akagonga ubao. *Amekwenda kwa mama Tesdal.* Mchuuzi alipiga kelele, na dalali mwenye macho makali kuliko wote katika kaunti tatu akasema, samahani bwana, sikukuona.

"Mimi nilijifanya kipofu... siku moja," Lowell alisema. "Wewe... kila siku. Saa sita."

"Wakiuza, watampeleka mbali. Unajua hilo? Watu wa Chicago si malaika."

"Labda watampeleka." Lowell alifunga macho. Maneno yalikuwa yamemchosha kama kubeba magunia. "Labda. Siwaamini... hata mimi. Lakini uliniuliza swali... mbele za watu. Sikupewa... muda."

*

Orval hakwenda kwenye chumba cha kahawa siku ile. Alikaa jikoni na jokofu likinguruma. Aliyageuza mambo kila upande kama alivyogeuza kila kitu, akitafuta yuko wapi mwenye kufaidika. Akinyamaza, Hapana itashinda, na Verna atabaki jirani, amelowa kila asubuhi, mkavu saa sita. Akisema, watu watamwamini Jim, Kilimani itauzwa, na huenda Verna akapakiwa kwenye gari kwenda mji ambao macho yake Orval hayawezi kumfikisha. Mara mbili alijiambia kwamba Lowell naye huenda amelipwa. Mara zote mbili aliona haya, na mara zote mbili wazo lile lilikataa kuondoka kabisa.

Siku ya kipindi cha mwisho kabla ya kura, saa tatu ilimkuta kwenye korido ya Kilimani, kwenye simu ya ukutani, na Lowell pembeni yake kitini.

"Orval!" Curt alifurahi. "Umekuja kusherehekea? Tusikie basi, gu gu."

"Nisikilize, Curt. Nilimuuliza mtu swali nikamcheka kabla hajajibu. Nakuomba kitu kimoja. Nyamaza mpaka amalize. Hata ukimya ukikuumiza."

Alimwekea Lowell simu sikioni. Kutoka chumba cha Verna, ambako Renae alikuwa amefungua redio, ilisikika pumzi ya Lowell ikirudi kutoka hewani. Kitu ambacho redio huogopa kuliko matusi ni ukimya, na ukimya ule ulikuwa mrefu. Curt alishika ahadi.

"Kutoka kanisani," Lowell alisema, "unapita... nyumba... ya Gun... ya Gunderson. Ya njano. Mkewe... alikuwa na bata. Halafu... Kona ya Larsen. Nilisema niko... karibu na mto. Kilimani... iko karibu na mto. Niko humu. Niliyosema... nimeyaona."

Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ko.

Redio ilinyamaza. Kisha Curt, ambaye alianza kazi akiwa kijana wa kusoma bei za minada, aliuliza kwa sauti ambayo Orval hakuwahi kuisikia kwake:

"Lowell?"

Orval alichukua simu. "Ndiye. Na mimi nilikuwa mpumbavu. Mke wangu nimemkuta amelowa. Nilikuja saa isiyo yangu, nikamkuta amelowa, ana kidonda. Pigeni kura mnavyotaka. Lakini msipige kwa sababu yangu."

Akaweka simu chini. Walirudi chumbani kwa Verna kusikiliza. Orval alitegemea nini, hakujua. Labda masufuria saba.

Aliyefuata kupiga alikuwa Duane.

"Curt, mimi nasema hivi. Lowell yuko Arizona, gazeti la kanisa liliandika. Na siku hizi mashine zinatengeneza sauti ya mtu yeyote, nimeiona kwenye televisheni."

"Duane, hiyo si sauti yake ya zamani hata kidogo. Mashine ingetengeneza ile ya zamani."

"Ndiyo ujue walivyo wajanja!" Duane alisema. "Na Orval, mimi nimemjua tangu tunavaa kaptula. Nauliza tu. Wamemlipa ngapi?"

Orval aliinuka akaizima redio. Hakuweza hata kumkasirikia Duane. Maneno yale yalikuwa ya Orval mwenyewe, yameazimwa tu.

*

Kura zilihesabiwa na Hapana ikashinda, kwa wingi mdogo. Kilimani ikabaki ya kaunti. Hakuna kilichouzwa na hakuna kilichotengenezwa. Wakuu waliahidi kuajiri, na redio ikarudi Washington asubuhi ile ile. Wachache walimletea Lowell pai. Wengine walifika mlangoni kuthibitisha kwamba ni yeye, wakaondoka bila kuketi, na wawili kati yao bado walisema mjini kwamba hawana hakika.

Kwenye barabara za kokoto Orval alipishana na pikapu za watu aliowajua tangu utoto, na mikono yao ilibaki kwenye usukani. Kiti cha karibu na joto alipewa mwingine.

Naye hakuwa tena mtu wa saa sita. Alikwenda Kilimani saa yoyote iliyomjia: alfajiri mara tu barabara ilipoonekana, au katikati ya asubuhi, au mara mbili kwa siku moja. Wakuu walipomwambia kwa upole kwamba nyumba ina utaratibu, aliwatazama mikono, kisha viatu, akaendelea kuja. Renae alimwekea taulo juu ya kabati bila kuulizwa. Orval alijifunza kumgeuza Verna, kumpaka dawa, kumchana. Kidonda kilianza kujifunga. Milango miwili iliachwa wazi, na Lowell alifanya mazoezi yake kwa sauti, majina ya mahali ambapo hapapo tena. Kiwanda cha siagi cha Moen. Shule ya Mlimani. Daraja la Bakke. Alipokosea Orval alimsahihisha, na alipopatia Lowell aligonga meza.

Asubuhi moja ya theluji ya kwanza Lowell alilipata jina lililomshinda wiki nzima, akalitoa lote kwa pumzi moja, akagonga. Ko.

Orval alikuwa ameshika kitana. Alimwona Verna, ambaye mikono yake ilikuwa imelala mapajani tangu kiangazi, akikiinua kidole kimoja, polepole, mpaka usawa wa bega, akakishikilia hapo kama mtu mwenye pesa zake mkononi.

"Lowell," Orval aliita. "Tazama huku."

Lowell aligeuza kiti kwa shida. Alikuwa na jicho moja tu zima, na alilikaza ng'ambo ya korido.

"Nimekuona," alisema, "mama Tesdal."

Akagonga.